Dokta wa mbwa wa hapa Mtwara, kanikatalia mara tatu na bado nampa nyota nne

Kwanza hela maana najua ndo mtauliza. Kuja nyumbani kumwangalia mbwa mara moja ni elfu 20 kama unakaa mjini, Shangani, Ligula, Chuno huko, ukiwa Mikindani anaongeza elfu 5 ya mafuta. Mimi nililipia mimba nzima, kuanzia kabla ya kumpandisha mpaka vitoto vifikishe wiki tatu, laki moja na nusu, dawa mbali. Mume wangu aliniuliza kwani huyo mbwa anazalia Muhimbili.

Huyu ni daktari wa mifugo kweli, sio fundi wa sindano, nasema hivyo kwa sababu mjini wapo wengi wanaotembea na begi na bomba la sindano na ukiwauliza wamesomea wapi wanacheka. Mimi siku ya kwanza nilimuomba anionyeshe kama kasajiliwa na Baraza la Veterinari, hakununa, akatoa kwenye pochi akasema mwalimu (ndo kazi yangu, ndo anavyoniita), watu wote wangeuliza hivi kazi yetu ingekua nyepesi. Kazi zake nyingi ni ng'ombe, mbuzi na kuku, mbwa wadogo kama wangu anasema kwa mwezi anaona wanne watano mji mzima, kwahiyo usitegemee ofisi yenye kiyoyozi na picha za mbwa ukutani. Anakuja na pikipiki na boksi la samaki la plastiki amebeba dawa ndani.

Mbwa wangu anaitwa Kashata. Ni Maltese, vile vijibwa vidogo vyeupe vya manyoya marefu, ila sio safi sana, masikio yana kitu kingine. Nilimnunua Dar akiwa na wiki sita (kosa la kwanza hilo, nilikua sijui) akasafirishwa na basi ndani ya kikapu cha sokoni, kilomita mia tano na kitu, anatapika kuanzia Nangurukuru. Sasaivi ana kilo 3.4. Kwanini nilitaka azae? Sitadanganya, nusu nilitaka mwenzake wa kubaki nae na nusu nilipiga hesabu ya kuuza, maana niliona huko mitandaoni vijibwa hivi vinavyoenda.

Alivyofikisha miezi nane akaingia kwenye joto, yaani kipindi cha jike kutaka dume, nikampigia dokta niko na furaha kabisa nikamwambia nimeshapata na dume. Akaja, akamwangalia, akasema hapana. "Mwalimu huyu bado mtoto, mwili wake haujamaliza kujijenga unataka ujenge wa wengine?" Akasema joto la kwanza tunaliacha lipite, la pili kwa umbo lake nalo tunaliacha lipite, tukutane la tatu. Kwa mbwa wengi joto linarudi kama kila miezi sita, yaani ananiambia nisubiri mwaka mzima, na mtu mwenyewe ndo anaishi kwa kulipwa na sisi. Niliona anapoteza biashara yake mwenyewe. Ila kumbe ule mwaka hakuuacha ukae bure, alimaliza chanjo zote kabla ya mimba kwa sababu zile chanjo za virusi hai hazichomwi mbwa akiwa amebeba, alafu akamtoa damu akaipeleka maabara, ikarudi na ugonjwa wa kupe. Mbwa ambae mimi nilikua naona mzima kabisa! Pwani hii kupe hawana likizo, ndo hawa wa kahawia wanaopanda mpaka ukutani. Akala doksi (antibiotiki ya doxycycline) siku 28, na dokta akanieleza ndo maana alitaka kupima mapema, hiyo dawa ukimpa mwenye mimba inaharibu mifupa na meno ya vitoto tumboni.

Mara ya pili kunikatalia ilikua dume. Lile nililopata lilikua la aina ya Spitz, jeupe zuri sana la mama mmoja wa hapa mjini, kilo 8. Dokta hata hakushuka kwenye pikipiki, akaliangalia pale getini akasema kichwa cha mtoto kinaweza kumfuata baba ila nyonga ya kupitia ni ya mama, unataka upasuaji wa usiku? Jike mdogo asipandwe na dume kubwa kuliko yeye, basi. Tukapata lingine, Maltese, saizi yake, mwenye nalo anajisifu hadi unachoka. Dokta akaomba litembezwe. Likatembea vizuri, alafu kila baada ya hatua kadhaa linaruka na mguu mmoja wa nyuma kama mtoto anacheza ede. Mimi niliona ni madeko. Dokta akalilaza ubavu, akashika goti akalisukuma na kidole gumba, kile kifupa cha juu ya goti kikahama pembeni, akaachia, kikarudi, akasukuma tena kikahama. Hakuna hata kelele, mbwa mwenyewe anamlamba mkono. Akasema hili tatizo mbwa wadogo wengi wanalo na watoto wanarithi, na utakua umemuuzia mtu mbwa atakayechechemea maisha. Mwenye dume alikasirika, akatuambia sisi wa Mtwara tunajifanya wazungu. Mwisho dume tulilipata Lindi, kilo 3, magoti yametulia, na dokta alilikagua mpaka sehemu za siri kwa sababu kuna uvimbe wa kansa mbwa wanaambukizana wakati wa kupandana, mbwa wa mtaani wengi wanao. Kilomita mia na kidogo kwenda na nyingine kama hizo kurudi, mara mbili, tarehe 12 na 14 mwezi wa nane. Bajaji ya kwanza pale stendi ilikataa kumbeba Kashata, dereva akaniambia kwa adabu kabisa dada mimi naswali, nisamehe. Nikamwelewa. Wa pili akakubali nikimuweka kwenye kikapu chenye kifuniko.

Dokta akanipa daftari la shule la kurasa 48 akalipigia mistari: tarehe, uzito, chakula, joto la mwili, mengineyo. Mimba ya mbwa ni kama siku 63, ikihesabiwa toka kupandishwa inaweza kuteleza mbele au nyuma siku kadhaa, kwahiyo tukaandika tarehe 14 mwezi wa kumi kwa penseli. Siku ya 30 akaja na ultrasaundi yake, kidude kidogo kioo chake kama simu, anakitumia kwa mbuzi. Akanyoa manyoya kidogo tumboni, akapaka ute, na pale kwenye weusi nikaona vinukta vinapepesa. Akasema hiyo ndo mioyo. Nikalia jamani, siwezi kuficha. Nikamuuliza wangapi akasema kifaa hiki ni cha kuona kama wapo na wako hai, sio cha kuhesabia, wa kuhesabu ni eksirei kuanzia siku ya 55 mifupa ikishakomaa na eksirei yeye hana. Hiyo kasoro nitairudia.

Chakula hakubadilisha mwezi wa kwanza, watu wengi wanadhani mbwa akishika mimba tu ajaziwe sahani, hapana, anakua kibonge na kuzaa kunakua tabu. Kuanzia wiki ya sita ndo tukaongeza taratibu na kumpa chakula cha watoto wa mbwa maana kina nguvu zaidi (nilikua naagiza Dar), na vibua vya kuchemsha vilivyotolewa miba, kidogo kidogo mara nne kwa siku kwa sababu tumbo limebanwa. Kuanzia siku ya 40 dawa ya minyoo kila siku kwa kipimo cha uzito wake, mpaka wiki mbili baada ya kuzaa, minyoo ya mama inapita kwenda kwa watoto wakiwa bado tumboni.

Sasa mara ya tatu, na hii ndo inayoniuma. Mwishoni mwa mwezi wa tisa nikaenda duka moja la dawa za mifugo, sitaji, kununua shampuu ya kupe. Kijana wa dukani akauliza mbwa ana mimba? Akanishushia chupa ya kalsiamu, mama mpe hii mifupa ya watoto inakua mizuri na maziwa yanajaa. Elfu 12. Nikampigia dokta kumwambia nimepata, akasema usimpe. Akanieleza kwa utaratibu kabisa: mwili wa jike una kazi yake ya kuchota kalsiamu kwenye mifupa wakati wa kunyonyesha, ukimletea ya chupa kila siku kipindi cha mimba ile kazi inalala, siku maziwa yakianza kutoka kwa kasi mwili unataka kuchota unakuta mchotaji kalala. Na kwa hawa wadogo ndo hatari zaidi.

Nilimpa. Siku tisa nilimpa kwa siri, kijiko cha chai asubuhi. Nilijiambia dokta mwanaume anajua nini cha mimba, mimi nimezaa wawili na kliniki walinipa vidonge vya damu mpaka siku ya mwisho, leo mbwa wangu anyimwe? Siku ya kumi nikaogopa nikaacha, chupa nikaificha nyuma ya pipa la unga, kwenye daftari sikuandika kitu.

Kuanzia siku ya 57 tulikua tunapima joto asubuhi na jioni, kipimajoto cha dijitali kimepakwa mafuta ya mgando, kinaingia nyuma sio mdomoni. 38.2, 38.4, 38.1, daftari zima linafanana. Asubuhi ya tarehe 14 kikasoma 36.9. Dokta alikua ameshasema likishuka chini ya 37 hesabu saa 24. Siku hiyo Kashata hata kibua alikigeuzia uso, akawa anachimba khanga ndani ya boksi la TV nililolikata mlango, anatetemeka anapumua. Cha kwanza kikatoka saa tano usiku, gramu 121, cha pili baada ya dakika arobaini, 116, nikawa najiona mkunga. Umeme ukakatika. Saa saba kasoro akaanza kusukuma kwa nguvu na hakuna kinachotoka.

Dokta aliniandikia ndani ya jalada la daftari nimpigie lini: akisukuma kwa nguvu nusu saa bila kitu, masaa mawili yakipita kati ya kitoto na kitoto na unajua bado wapo, au uchafu wa kijani ukitoka kabla ya cha kwanza. Nusu saa ikafika. Nikapiga, namba unayopiga haipatikani. Nikapiga mara nane. Bibi jirani yangu akasikia nahangaika akaja na taa, bibi wa swala tano, mbwa hajawahi kumgusa na mimi siku zote namfungia Kashata akipita. Akasimama mlangoni akasema, "Mimi simgusi mwanangu, ila taa yangu hii na maji ya moto yapo jikoni." Alafu akamuamsha mjukuu wake akamwambia washa pikipiki kamlete huyo dokta kwake. Kijana akaenda akamgongea dirisha.

Alifika saa saba na dakika arobaini na tano. Kitoto cha tatu kilikua kimetanguliza matako, ambayo anasema sio ajabu kwa mbwa, ila hiki kilinasa. Alivaa glovu, akapaka jeli, akawa anasubiri Kashata asukume ndo anavuta kidogo kuelekea chini, hakuvuta hata mara moja mbwa akiwa amepumzika. Kikatoka hakipumui. Akakisugua na taulo, akakinyonya kamasi puani na bomba, dakika kumi nzima. Hakikuamka. Dakika chache baadae cha nne kikaja chenyewe, gramu 92, kinalia.

Aliosha mikono kwenye beseni la bibi akaniambia mwalimu hili ni langu, simu iliisha chaji nikalala. Hakusema ni mapenzi ya Mungu, hakusema mbwa mdogo ndo walivyo. Asubuhi akanitumia namba yake ya pili na ya mkewe. Nyota moja nimeitoa hapo na sirudishi, ila naomba mjue nimeitoa kwa kosa ambalo mwenyewe alilisema kabla yangu.

Kile cha 92 ndo kilitufundisha. Dokta alipoingia kitu cha kwanza alichofanya kesho yake ni kuzima feni. Mimi nimewasha feni maana mwezi wa kumi Mtwara unaijua, akasema wewe unasikia joto hawa wanaganda, wiki ya kwanza hawawezi kujipasha wenyewe. Chupa ya maji ya moto ikafungwa kwenye khanga ikawekwa kona moja ya boksi tu, ili anaesikia joto asogee. Na kama kitoto kimepoa usikimbilie kukipa maziwa, kipashe kwanza, tumbo la baridi halisagi kitu. Akahakikisha vyote vitatu vimenyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, siku ile ile ya kwanza. Kila asubuhi mzani wa unga wa keki: 92, 89, 90, 96, 104. Siku ya tisa 181 nikapiga kelele mpaka bibi akauliza kuna nini.

Alafu siku ya 19, saa kumi na moja alfajiri, nikasikia kucha kwenye sakafu. Kashata anatembea miguu imekakamaa kama anakanyaga misumari, anahema, mdomo wazi, ngozi ya usoni inacheza cheza yenyewe. Simu ikaita mara moja tu akapokea. Dakika ishirini yuko ndani, akasema kalsiamu imemshuka mwilini. Akamwekea sindano kwenye mshipa wa mguu wa mbele, kalsiamu hiyo hiyo, ila akiisukuma polepole mno, stetoskopu masikioni, anasikiliza moyo, nikitaka kuongea ananiinulia kidole, maana ukiikimbiza moyo unaweza kusimama. Ilichukua kama robo saa. Nikaona masikio yametulia, alafu mashavu, alafu akalaza kichwa kwenye paja langu akajikojolea.

Hapo nikaenda nyuma ya pipa nikaleta chupa. Nikamwambia siku tisa. Aliisoma lebo, akachukua daftari akarudi kurasa za mwezi wa tisa, akaandika "kalsiamu, siku 9, kabla ya kuzaa" kwa mwandiko wake, akafunga. Nikamuuliza ndo imesababisha? Akasema inaweza ikawa na inaweza isiwe, mbwa wa kilo tatu ananyonyesha watatu anaweza kuanguka hata bila chupa yako. Hakuongeza neno. Bora angenigombeza.

Vitoto vikatolewa kwa mama siku nzima, tukavilisha kwa bomba maziwa ya unga ya vijibwa kila baada ya masaa matatu, vikiwa vimelala kifudifudi sio chali kama mtoto wa mtu, chali vinapaliwa. Na sasa ndo akamuandikia Kashata kalsiamu ya kumeza, kipindi cha kunyonyesha, safari hii kaileta yeye.

Kasoro nyingine nizimalize haraka. Eksirei hana, kwahiyo tulizalisha bila kujua ni wangapi, kwa mbwa mdogo hilo sio jambo dogo, muulizeni mapema kama anaweza kuwapangia pa kupiga. Anachelewa, akisema saa tatu jua ni saa nne na nusu kuna ng'ombe sehemu. Risiti hatoi. Na akianza habari za mbuzi wake chai inapoa.

Kuna mtu wa Lindi alitaka vitoto viwili vikiwa na wiki tano, laki 3 kila kimoja, pesa mkononi. Dokta akasema wiki nane mwisho wa kupunguza, na kile kidogo wiki kumi, vikiwa na chanjo ya kwanza na kadi, ya kichaa cha mbwa vikifika miezi mitatu. Huyo mtu akaenda kwingine. Basi nisahihishe kichwa cha habari, ni mara nne. Kimoja kimechukuliwa na mwalimu mwenzangu kwa nusu ya ile bei, kingine kimeenda Masasi, cha 92 kimebaki kwangu kinaitwa Chenga.

Kashata hazai tena. Mwezi wa pili anafungwa kizazi, elfu 80, nimeshalipa nusu nikamwambia leo sikubali, naomba risiti. Akachana karatasi kwenye daftari langu mwenyewe, akaniandikia.